SHIMO LISILOFUNIKWA: Hatari Katika Miradi Yetu ya Akina Mama

Mpendwa mama msomaji, ukipita kwenye makanisa yetu mengi siku ya Jumapili baada ya ibada, utaona meza ndogo karibu na mlango, na juu yake vipande vya sabuni vilivyokatwa kwa waya na kupangwa vizuri. Hiyo ni kazi ya akina mama. Fedha inayopatikana hununua sare za kwaya, huwasaidia wajane, hulipa ada ya mtoto aliyefiwa na baba, na kinachobaki hugawanywa kwa wanachama. Ni mradi mzuri, na sisi tunaoandika makala hii tumeufanya kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sisi wa kikundi chetu hatukulitazama mpaka lilipotuumiza. Tulizoea kusema kwamba akina baba wanaokwenda kiwandani, mgodini au kwenye ujenzi ndio wenye kazi za hatari. Sisi tulikuwa tunatengeneza sabuni tu, nyuma ya ukumbi wa kanisa, watoto wakicheza miguuni petu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepaita pale mahali pa kazi.

Yaliyotukuta

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2016. Tulimaliza kazi jioni tukiwa tumechoka. Maji ya kostiki soda yalibaki kidogo, yapata robo lita. Kostiki ni ghali kwa kikundi kama chetu, kwa hiyo hatukuyamwaga. Yalitiwa katika chupa tupu ya maji ya kunywa, kifuniko kikawekwa bila kukazwa sana, na chupa ikasukumwa chini ya benchi ili itumike wiki inayofuata. Maji ya kostiki yakishapoa hayana rangi wala harufu. Yanaonekana kama maji safi, na yalikuwa ndani ya chupa ya maji safi.

Kesho yake mtoto wa kiume wa miaka 3, mtoto wa mmoja wetu, alitoka darasa la Shule ya Jumapili akiwa na kiu. Alipiga funda moja.

Hatutasimulia yote ya siku ile. Tunachotaka mjue ni kwamba wengi wetu tulikuwa tayari kufanya kosa la pili juu ya lile la kwanza. Mmoja alisema mtoto atapishwe. Mwingine alikwisha kukamua limau, akidhani uchachu wa limau utaua ukali wa kostiki. Muuguzi mmoja, mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyetukemea. Alisema kinachounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda, na kwamba limau juu ya kostiki huzalisha joto jingine mle mle ndani. Alimsuuza mtoto mdomo, akaichukua ile chupa, akaingia naye katika gari la mzee wa kanisa kwenda hospitali.

Mtoto aliishi, jina la Bwana lihimidiwe. Lakini umio wake, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, ulikuwa umeungua. Ulipopona ulifanya kovu, na kovu likaubana. Kwa muda mrefu mama yake alikuwa akimpeleka hospitali ya rufaa ili atanuliwe njia hiyo, akirudi nyumbani wiki chache anakula uji, kisha anapelekwa tena. Huko hospitali alikutana na akina mama wengine wenye watoto wenye shida ile ile, kwa chanzo kile kile. Madaktari wa watoto katika nchi zetu za Afrika Mashariki wanalijua tatizo hili vizuri mno.

Hatukuulizana ni nani aliyeiweka chupa ile. Kila aliyekuwapo alijua kwamba angeweza kuwa yeye. Mradi ukasimama kwa muda wa miezi 7.

Sheria ya shimo

Tulipokutana hatimaye kuamua kama tuufunge mradi kabisa, mama wa mtoto yule alikuja. Wengine waliinamisha nyuso. Yeye akasema, "Dada zangu, sikuja kumdai mtu. Mimi bado nina watoto wanaokula kutokana na sabuni hii. Nataka kujua tu, tukianza tena tutaanzaje?"

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akaomba isomwe Kutoka sura ya 21, mstari wa 33 na wa 34. Wengi wetu tulikuwa tumezipita sura zile haraka haraka, kama sheria za ng'ombe na punda za Waisraeli wa kale. Zinasema kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia akafa, mwenye shimo atalipa. Kisha akaomba tusome Kumbukumbu la Torati 22:8, panapoagizwa kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Katika nchi ile dari za nyumba zilikuwa bapa, na watu walikaa huko juu jioni.

Bibi akatuuliza, "Mnaona hapo, Torati inamuuliza mwenye shimo kama alikuwa na nia mbaya?" Haimuulizi. Inauliza kama lilifunikwa. Ukuta wa dari nao hujengwa kabla mtu yeyote hajaanguka.

Mpendwa mama, sisi tulikuwa na desturi ya kuomba kabla ya kuanza kazi, na mpaka leo tunaomba. Lakini tuliona siku ile kwamba kuomba ulinzi huku chupa ya sumu iko chini ya benchi ni kumjaribu Bwana.

Kutembea na kutazama

Mume wa mmoja wetu ni mjumbe wa kamati ya usalama katika kiwanda anachofanyia kazi. Tulimwomba atufundishe, akakubali kwa sharti moja, kwamba hatatuandikia orodha. Alisema orodha ya kuandikiwa hubandikwa ukutani, ikasahaulika. Alitaka tutembee sisi wenyewe, kuanzia mlango ambao vifaa huingilia mpaka meza ambayo sabuni hutokea, na katika kila hatua tusimame tujiulize ni kitu gani hapa kinaweza kumuumiza mtu, na ni mtu gani.

Alitufundisha pia maneno mawili ambayo tulikuwa tunayachanganya. Kihatarishi ni kitu chenyewe kinachoweza kudhuru, yaani lile shimo. Hatari ni uwezekano kwamba mtu atadhurika na kwa ukubwa gani. Shimo refu katikati ya pori asikopita mtu na shimo refu hilo hilo mlangoni pa shule ni kihatarishi kimoja, bali hatari zake hazifanani kabisa.

Basi tukatembea. Tuliyoyaona yalitutia aibu, maana yote yalikuwa mbele ya macho yetu siku zote.

Kopo la kostiki lilikaa kwenye rafu moja na sukari na majani ya chai ya kikundi. Kostiki ni chengachenga nyeupe, nasi tulikuwa tukiichota kwa kikombe cha chai. Mfuniko wa kopo ulikuwa umepotea zamani, na kwa kuwa kostiki hunyonya unyevu wa hewa, ile ya juu ilikuwa imegeuka utelezi uliochuruzika mpaka ubao wa chini. Yeyote aliyeshika ubao ule alipata mwasho asioujua chanzo chake.

Tulikuwa tunachanganyia ndani ya chumba, dirisha limefungwa ili upepo usipeperushe vumbi la kostiki. Lakini kostiki ikiingia katika maji, maji hupata moto yenyewe bila jiko, na yanaweza kupita nyuzi 80 kwa dakika chache. Ule mvuke unaopanda unakereketa koo na kifua, nasi tulikuwa tunaukaribia kwa uso ili tuone kama chenga zimeyeyuka! Tena mara nyingine tulitumia sufuria ya alumini. Kostiki hula alumini, na wakati inapoila hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Jiko letu la mafiga lilikuwa hatua nne kutoka pale.

Miguuni tulivaa kandambili. Mama mmoja alikuwa akikoroga akiwa na mtoto mgongoni. Sakafu ilikuwa na mafuta. Ndoo za lita 20 zilibebwa kutoka bombani na mtu mmoja mmoja, akiwamo mwanachama aliyekuwa na mimba ya miezi 6. Sabuni mpya ilianikwa kwenye ubao wa chini kabisa, kimo cha mtoto anayetambaa, na sabuni ya namna hii huwa bado kali kwa siku za mwanzo. Sisi huiacha wiki 4 kabla ya kuiuza. Na zile chupa? Tulipoinama tuliokota nyingine mbili.

Lakini jambo kubwa hatukuliona kwa macho. Tulilisikia. Baba yule alitushauri tumuulize kila mmoja, hasa walio kimya. Binti mdogo aliyejiunga karibuni akakunja mkono wa blauzi na kutuonyesha makovu kwenye kifundo cha mkono. Kumbe kwa kuwa yeye ndiye mgeni, kazi ya kuchanganya ilikuwa imeachiwa yeye kila wiki, na aliungua mara nyingi asiseme. Alituambia, "Nilidhani ndivyo ilivyo, mama zangu. Nilidhani na ninyi mlianza hivi."

Punje za maharage

Baada ya hapo tulikuwa na mambo zaidi ya 20, nayo pesa ya kikundi ilikuwa kidogo sana. Tuanze na lipi? Tulifanya hivi. Kwa kila jambo tuliulizana maswali mawili. La kwanza, je, ni rahisi kiasi gani litokee? Punje 1 ya maharage kama ni nadra, 2 kama huenda likatokea, 3 kama tunaliona kila mara. La pili, likitokea litaumiza kiasi gani? Punje 1 kama ni jambo la kupakwa dawa na kurudi kazini, 2 kama mtu atalala nyumbani au kulazwa, 3 kama ni kifo au kilema cha maisha. Kisha hesabu ya kwanza huzidishwa kwa ya pili. Njia hii ilitufaa kwa sababu baadhi ya wazee wetu hawasomi, na maharage kila mtu anayajua. Tena kila mtu aliweka punje zake mwenyewe, hivyo mwenyekiti hakuamua peke yake.

Mabishano yalikuwapo. Kuhusu chupa, mmoja alisema tuweke punje 1 ya uwezekano, kwani ajali imetokea mara moja tu katika miaka yote. Mama wa mtoto akajibu kwa upole kwamba ajali ni mara moja, lakini chupa ziliwekwa kila wiki. Tukaweka 3, na madhara 3, jumla 9. Hakuna lililoizidi. Kostiki kurukia jicho ilipata 6. Sakafu yenye mafuta ilipata 3 tu, mpaka mtu alipouliza itakuwaje ukiteleza ukiwa umebeba ndoo ya kostiki, nasi tukaihesabu upya.

Kubeba ndoo ndiko kulikotuchekesha kwanza, kisha kukatunyamazisha. Wazee walisema maumivu ya mgongo ni sehemu ya kuwa mwanamke, hayahesabiwi. Lakini tulipoulizana ni nani haumwi mgongo siku ya pili ya kazi, hakuna aliyenyoosha mkono. Punje 3 kwa 2, jumla 6, sawasawa na jicho. Tunaamini kwamba mengi yanayotuumiza sisi akina mama hayaonekani katika hesabu yoyote kwa sababu tu tumeyazoea.

Glavu ziwe za mwisho

Katibu wetu aliandika juu ya ukurasa: tununue glavu. Baba yule alicheka, akasema kila kikundi huanza hapo. Akauliza, "Glavu zingemsaidiaje mtoto aliyekunywa?"

Ndipo akatueleza utaratibu unaofuatwa mahali pa kazi penye uangalifu. Kwanza jaribu kukiondoa kabisa kihatarishi. Kama haiwezekani, tafuta kingine kisicho kikali badala yake. Kama haiwezekani, kitenge na watu. Halafu ndipo upange namna ya kufanya kazi. Vazi la kinga liwe la mwisho, kwa sababu vazi huvaliwa na kusahauliwa, huchanika, tena humlinda aliyelivaa peke yake. Jambo lililotufurahisha ni kwamba yale ya mwanzo, yenye nguvu zaidi, kwetu yalikuwa ndiyo ya bei nafuu.

Masalio ya kostiki tuliyaondoa kwa kununua mizani. Zamani tulikuwa tunakisia kwa kikombe, ndiyo maana kila wiki kilibaki kitu. Sasa tunapima. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 180 za kostiki, na kilo 1 ya mawese takribani gramu 140, nasi hupunguza kidogo ili mafuta yazidi kuliko kostiki. Hakuna kinachobaki cha kuwekwa chupani. Faida ya pili hatukuitegemea: wateja waliokuwa wakilalamika kwamba sabuni yetu inachubua mikono wakaacha kulalamika. Kumbe hatari yetu tulikuwa tunaiuza pia.

Chupa za vinywaji zimepigwa marufuku katika eneo la kazi, hata ya mtu kunywea maji. Anayetaka maji ya kunywa huenda upande wa pili wa ukumbi.

Sufuria za alumini zilirudishwa jikoni, tukanunua ndoo nene za plastiki. Mafuta yaliyoganda hatuyayeyushi tena kwa kuni. Kopo huwekwa juani saa mbili tatu, na jua la kwetu linatosha kwa mawese na kwa nazi. Moshi, mafiga na moto karibu na watoto viliondoka pamoja kwa siku moja bila kutumia senti.

Kostiki yenyewe hatuwezi kuiondoa, kwani bila hiyo sabuni ya kipande haifanyiki. Hivyo tumeitenga. Inakaa katika kopo lake lenye mfuniko, ndani ya kasha la mbao lenye kufuli, na juu yake tumechora fuvu ili hata asiyesoma aelewe. Kazi imehamia nje, mahali penye hewa, na kamba inazungushwa, mtoto hapiti. Je, nani anawatazama watoto? Hapa tulibishana tena. Mwishowe tukakubaliana kwamba kila siku ya kazi mama mmoja atakaa na watoto wote upande wa mbele wa kanisa, naye atapata mgawo wake kamili kama aliyekoroga. Wengine walinung'unika kwamba analipwa kwa kukaa kivulini. Sisi tunasema kwamba kulinda watoto 11 ni kazi, na mwenye shaka na ajaribu.

Kuhusu namna ya kufanya kazi, wanaochanganya ni wawili, kamwe si mmoja, na mgeni hachanganyi mpaka ametazama kwa mwezi mzima. Kostiki humiminwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, kwani maji kidogo juu ya kostiki nyingi huchemka ghafla na kuruka usoni. Anayechanganya husimama upepo ukimpiga mgongoni. Kando yake huwapo ndoo kubwa ya maji safi ambayo haitumiki kwa jambo jingine lolote. Hakuna mtoto mgongoni. Ndoo hubebwa nusu, au na watu wawili, na mwenye mimba habebi.

Baada ya hayo yote ndipo tukanunua glavu, zile nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, kwa sababu zile nyembamba za hospitali huchanika upesi. Tukanunua miwani ya kinga miwili kwa ajili ya wale wachanganyaji. Viatu ni vya kufunika, na mikono ya nguo ni mirefu. Kanga haifai kwa kazi hii, maana ikilowa maji ya kostiki huyashikilia mwilini na kuendelea kuunguza.

Jambo likitokea

Hata shimo lililofunikwa mtu anaweza kulifunua, kwa hiyo kila mwanachama amejifunza yafuatayo, nasi tunawaombeni nanyi mjifunze.

Kostiki ikimwangukia mtu mwilini, vua nguo iliyolowa mara moja. Kama ni chenga kavu, zipanguse kwanza. Kisha mwagia maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Siyo limau, siyo siki, siyo mafuta, ni maji. Ikiingia jichoni usipoteze hata nusu dakika. Fungua kope kwa vidole, mwagia maji safi kwa nusu saa, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua, kwa kuwa kostiki huendelea kupenya ndani ya jicho polepole. Akimeza mtu, asitapishwe, wala asipewe kitu chochote cha kumeza mpaka mganga aseme. Mdomo usuuzwe kwa maji na ateme. Mpelekeni hospitali upesi mkiwa na kopo au chupa ya kitu alichokunywa, ili mganga ajue anatibu nini.

Vipi kwako?

Huenda wewe msomaji hutengenezi sabuni ya kipande. Vikundi vingi siku hizi vimehamia sabuni ya maji. Basi kumbuka kwamba salfoniki mnayoitumia ni asidi, nayo huunguza. Na kama fundi wenu amewafundisha kutia formalini ili sabuni isiharibike, tafuteni njia nyingine. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kama wewe ni msusi, soma kopo la dawa ya kulainisha nywele. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki ile ile, ndiyo maana kichwa cha mteja huwaka. Wenye mradi wa batiki wana nta inayochemka karibu na moto. Nta ikiwaka funika sufuria kwa mfuniko, usimwagie maji, maana moto utaruka. Anayefanya usafi wa vyoo asichanganye jiki na dawa ya asidi, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mume anaporudi shambani kupiga dawa, nguo zake zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto. Na mafuta ya taa katika chupa ya soda, jamani, yako katika nyumba ngapi leo?

Kwa wale walioajiriwa, jukumu hili la kutafuta hatari na kuzizuia ni la mwajiri. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliamua kwamba mazingira ya kazi yaliyo salama ni moja ya haki za msingi za mfanyakazi. Lakini kikundi kama chetu hakina mwajiri. Aliyechimba shimo na apitaye karibu nalo ni sisi wale wale, pamoja na watoto wetu. Wanaoanza mradi upya wanaweza kuuliza mafunzo katika ofisi za SIDO mikoani, na wakifika huko wasiulize tu namna ya kutengeneza. Waulize pia namna ya kuhifadhi na namna ya kumwaga.

Yanayotushinda bado

Tusijisifu. Wakati wa masika hatuwezi kufanyia kazi nje, na kibanda chenye paa lakini kisicho na kuta hatujapata fedha ya kukijenga, kwa hiyo miezi hiyo uzalishaji hupungua na manung'uniko huongezeka. Miwani hupata ukungu wa jasho, na mara mbili tumemkuta mtu ameipandisha juu ya paji la uso. Mwaka jana mwanachama mmoja alichukua kostiki kidogo nyumbani ili ajitengenezee sabuni yake mwenyewe, akaifunga katika karatasi. Tulimwonya, lakini twajua kwamba si yeye peke yake mwenye wazo hilo, na bado hatujakubaliana adhabu iwe nini.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya kufungua kasha, tunatembea tena kutoka mlango wa vifaa mpaka meza ya sabuni. Kila mara anayeongoza ni mtu mwingine, maana macho ya mtu mmoja huzoea. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya yule binti mwenye makovu, ambaye sasa ni mama wa mtoto mmoja. Aligundua kwamba kamba yetu ya kuzuia watoto imefungwa juu mno, mtoto wa miaka 2 anapita chini yake bila kuinama. Tukaishusha, na tukaongeza ya pili.

Kijana wetu aliyekunywa kostiki yuko shuleni. Hula polepole, kwa maji mengi, na nyama hukatiwa vipande vidogo. Mama yake ndiye mtunza ufunguo wa kasha.